Fito za Mwanzi, Pasua

Mwanzi tuliukata Kibosho, mwezi mchanga,
nikaupasua kwa panga: mbili, kisha nne.
Miezi mitatu ukakaa darini, juu ya jiko la mama,
ukala moshi, ukawa rangi ya chai ya maziwa.

Ndani naparuza kwa randa, namalizia kwa kipande cha chupa.
Nje sigusi.
Ganda ndilo linalobeba;
ukilikwaruza, upinde utakulipa.
Ulishamlipa Kundaeli: kovu juu ya jicho.

"Vifundo usivimalize," ananiambia, mikono gundi tupu,
akizifunga fito mbili kwa mpira wa baiskeli
kama anayefunga mkono uliovunjika.

Mlima umejifunika tangu asubuhi.
Anagonga ufito mwingine kwa kucha, anausikiliza.

"Bado. Huu unakumbuka maji."