Usibofye Ndiyo

Mnunuzi wa vyuma alishafika mlangoni,
Bondeni, saa nne, mizani begani:
mia mbili kwa kompyuta,
hamsini kwa sufuria iliyotoboka.
"Chukua," akasema Mwanakombo, "yanijazia nafasi."
Ndipo nikalikumbatia lile sanduku,
kutu ya chumvi ikanipaka fulana,
mende wawili wakatoka kwenye tundu la feni
kama wapangaji waliopewa notisi.

Miaka kumi na minne dada alipiga chapa pale barazani:
maombi ya kazi bandarini, kadi za arusi,
hati za shamba lililogombewa na ndugu saba, tanzia.
Kisha zikaja simu,
kila mtu akawa karani wa kidole gumba.
Sasa apika mbaazi. Hana kinyongo.
Mimi ninacho.

Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro,
Tsuma alifungua skrubu nne,
akachomoa diski, nzito kama mche wa sabuni.
Akapuliza vumbi, akapiga chafya.
"Mwili umekufa," akasema. "Hii haina habari."
Akaivika kasha jeusi la plastiki, meno yakauma meno.
"Ila si ya laptopu hii. Haishibi umeme wa waya mmoja,
yataka adapta yake."
Elfu moja na mia nane. Nikaomba nipunguziwe.
Akacheka, akatoza ile ile.

Ikaanza kuzunguka, nyuki ndani ya kikombe,
na kiooni, kwa adabu zote, tukaulizwa:
*Diski hii yahitaji kufomatiwa. Tuifomati?*
Ndiyo. Hapana.
Kidole changu kilishainuka; mimi ni mtu wa kuitikia.
Tsuma akanidaka kifundo cha mkono.
"Usibofye ndiyo! Haimjui mgeni,
basi yataka kumfuta kumbukumbu ndipo imkaribishe."
Tukangoja programu yake isome kipande kwa kipande,
adhuhuri ikaadhiniwa, ikafika thuluthi.

Usiku nikaichomeka jikoni kwa dada.
ARUSI. MAHAKAMA. MADENI.
Nikafungua la tatu, nikamsomea:

Bi Thureya, Sparki, barua kwa kadhi: sitini, bado.
Mwalimu Ngonyo, mtihani, nakala arubaini:
kalipa nusu, kwa madafu.
Timu ya mtaa, risala ya kuomba jezi:
kapteni hajulikani aliko.
Shee, mdogo wangu, barua ya mapenzi, kurasa tatu:
tisini. Hajalipa.

Mwiko ukasimama sufuriani.
"Na yenyewe imo?"
"Imo."
"Fungua basi, tuisome."
Kishale kikatetemeka juu ya jina la faili.
Hapana, nikasema, na safari hii
hakuna aliyenishika mkono.

Nikatoa noti ya mia, nikaiweka kando ya nazi iliyokunwa.
Akaikunja, akaitia kwenye pindo la leso.
Shilingi kumi zangu hakunirudishia.
Ada ya kuhifadhi, akasema.