Bila Kioo

Mvua ya Dundee hainyeshi, inakuegemea
kama mlevi mwenye siri.
Basi lilikuwa limeniacha. Nilitoka zamu ya usiku,
kumwogesha Bi Ishbel, miaka tisini na mmoja,
na viatu vyangu vililia kama vyura.
Mlango wa makumbusho ulikuwa wazi, hawatozi kiingilio.
Niliingia kutafuta joto. Nisijipambe:
joto tu.

Chumba cha tatu, ubavuni mwa dirisha,
alikuwepo.
Yule dobi.

Yule wa kalenda ya zahanati ya Suji
iliyoning'inia juu ya mizani ya watoto
miaka sita baada ya mwaka wake kwisha,
maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa.
Maji yake yalishageuka rangi ya chai,
nzi walishamwachia nukta kwenye paji la uso.
Mama, kwenye foleni, mguu umevimba,
alikuwa akimsemesha:
"Kamua, dada. Kamua. Hata kwetu hazikauki."

Nilidhani namfahamu.
Sikujua ni mdogo hivi,
hazidi ungo wa kupepetea mchele.
Sikujua kwamba rangi ya shuka imesimama,
ina miinuko, kama ugali ulioachwa na mwiko.
Sikujua kwamba kwenye kiwiko, pale kivuli kinapoanza,
umenasa unywele.
Mmoja. Wa brashi, au wa mchoraji mwenyewe, nani ajuaye,
umekwama mle tangu siku ile
na hakuna kalenda iliyowahi kuuchapa.

Nikasogea. Nikasogea tena,
mpaka pumzi yangu ikagonga rangi ikanirudia.
"Hatua moja nyuma, bibie, tafadhali,"
akasema mlinzi. Murdo, kwa mujibu wa kibandiko kifuani.
Mwili ukarudi nyuma.

Machi nilimzika mama yangu kwa simu.
Binamu yangu Mbonea aliinyanyua juu ya vichwa vya watu;
mkono ulipomchoka, kaburi likawa mbingu,
mbingu ikawa viatu vya mchungaji.
Mtandao ulikatika kwenye "mavumbini".
Uliporudi, watu walikuwa wanakula.
Amina yangu niliiambia ile duara inayozunguka,
inayozunguka,
katikati ya kioo.

Basi usiniulize kwa nini nililia mbele ya mwanamke
asiye wa ukoo wangu, aliyekamua mashuka ya watu
ambao labda hata jina hawakumwuliza.
Sikulilia uzuri. Uzuri hata kalenda ilikuwa nao.
Nililia ule unywele.
Kwamba mtu alisimama hapa hasa, umbali wa mkono,
akakosea,
akaona,
akaacha.

Macho hayana pazia, mama alizoea kusema,
akiwasuta majirani wadaku.
Sijui kama alijua amesema nini.

Ilikuwa Sabato. Tangu Machi sijasali;
kila nikifumba macho naona ile duara.
Safari hii sikuyafumba.
Midomo ilianza yenyewe, Kipare, taratibu,
ile sala fupi ya chakula, maana ndiyo iliyokuja.
Murdo akaleta kiti cha kukunja, akakiweka nyuma yangu,
kisha akageuka akaitazama mvua
kama mtu anayepisha sala ya mwenzake.
Nilikaa hadi soksi zikakauka.
"Kamua, dada," nikamwambia nikiondoka.
Nilisikia sauti ya nani, hiyo nitabaki nayo.

Usiku ule, nikimkausha Bi Ishbel nywele,
akinung'unika kwamba taulo linakwaruza,
unywele mmoja mweupe ulinata kiganjani mwangu.
Nikausogeza kwenye taa.
Sikuufuta upesi.