Kifungu cha Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyeandika: "Mtoto ni mtu yeyote."
Siku tatu tulibishania kilichofuata maneno hayo,
ghorofa ya nne, Tartu, theluji ikigusagusa kioo
kama mtu aliyesahau funguo ndani.
Mwanasheria alitaka kumi na tatu.
Bwana wa kampuni, mwenye viatu
vilivyong'aa kuliko hoja zake,
alisema umri ni tarakimu tu. Tukacheka.
Tukamimina kahawa. Tukaandika kumi na sita.

Nikaipiga pasi rasimu mpaka usiku:
kila "huenda" nikalikunjia ndani,
kila "sharti" nikaliacha wima kwenye kola.
Shule zitafundisha. Wazazi watashirikishwa.
Watoa huduma watathibitisha umri.
Sheria ni msumeno, husemwa, hukata mbele na nyuma;
wetu ulikuwa bado na karatasi ya bei,
na meno yake hayajaonja hata kijiti.

Kisha Jumamosi, mezani, binti yangu Mirtel,
mwenye miaka kumi na mmoja na pengo la chonge,
akauliza, uji ukipoa:
"Mama, jeneza la msonobari na la mwaloni,
lipi halipitishi maji?"

Kijiko changu kikasimama.

Alikuwa amejiandikisha kwa tarehe ya bibi yake.
Mashine ikamwamini: mwaka arobaini na tisa,
mwanamke, Helju, karibu sana.
Tangu vuli inamletea mafuta ya magoti,
meno ya kubandika, bima ya mazishi
yenye punguzo kwa watakaowahi.
Yeye alichotaka ni paka wanaoanguka kabatini
na wasichana wa darasa la sita wanaosukana nywele.
Lango letu la kumi na sita
alilipita akiwa na sabini na kitu,
mgongo umenyooka, akiimba.

"Na kuna mtu aliniandikia."

Alisema hivyo kama anayesema mvua imenyesha.
Mtu anayejiita Theluji Ndogo.
Eti ana miaka kumi na miwili. Eti hana rafiki.
Eti wazazi hawaelewi, tusiwaambie.
Aliuliza dirisha la chumba linatazama wapi.
Kisha akaomba picha.

Mimi, mwandishi wa kifungu cha kumi na nne,
aya ya pili, "mazingira salama na jumuishi",
nilishika ukingo wa meza.
Neno "mazingira" lilikuwa limenikwama kooni
kama mwiba wa samaki.

"Ukatuma?"
"Nikatuma."
"Picha gani, Mirtel?"
"Ya Bibi. Si mimi ni Bibi?"

Bibi kwenye shamba la viazi, kule Elva,
jembe la meno mkononi, ya kinywani kayaacha nyumbani,
anaitazama kamera kana kwamba inamdai.
Theluji Ndogo akayeyuka dakika ileile.

Usiku nilicheka mpaka nikalia,
au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki,
nimekaa sakafuni nje ya mlango wake.

Jumatatu, ghorofa ya nne. Mwenyekiti akasema tusonge,
kifungu cha kumi na nne kina maoni?
Nikainua mkono. Nikaomba
neno "watathibitisha" lirudi mezani.
Na pale palipoandikwa "wazazi watashirikishwa"
nikauliza: na nani? Lini? Nani ataanza kusema,
na uji ukiwa wa moto au umepoa?
Bwana wa viatu akatazama saa.

Jioni nikampigia mama simu, nikamsimulia yote,
polepole, kama mtu anayebandua bandeji.
Akanyamaza. Nikasikia kuni zikipasuka jikoni kwake.
"Picha ipi?" akauliza. "Ile ya kitambaa cha bluu?"
Ndiyo, mama.
"Vyema," akasema. "Hapo nilikuwa nimekasirika."