Usiiguse Bado

Fanueli, weka hicho kitambaa.
Glasi ya bia nyeusi haifutwi, huinamishwa ichuruzike
kama sufuria kwenye kichanja.
Ukiona alama ya midomo, irudishe majini.
Mafuta ni adui wa povu:
mtu aliyetoka kula mbuta pale ufukweni
akiligusa tu kwa mdomo, linazama.

Sasa ilaze. Si hivyo, hapo unamwaga uji.
Ilaze kama mtoto aliyeshiba,
kichwa juu ya kiwiko.
Digrii arobaini na tano, alisema Padri Dolani,
aliyenifundisha kwenye kaunta hii hii
mwaka ule gugu maji lilipoziba bandari ya Kisumu
na samaki wakawa bei ya mbuzi.
Wilkista, aliniambia, kwetu Ayalandi
mtu husamehewa hata kuzini,
lakini painti ya haraka, hiyo anakwenda nayo.
Sijui kama alitania. Padri humuulizi.

Vuta bomba lote. Ukilifinya litatema.
Iache iteremke ubavuni,
uisimamishe glasi kadiri inavyojaa,
na robo ikibaki,
funga.
Iweke. Toa mkono.

Hapa ndipo kazi ilipo, na kazi yenyewe ni kukaa.
Tazama. Yote ni rangi ya chai ya maziwa,
kisha chini kunaanza giza,
na vipovu vya pembeni vinashuka badala ya kupanda.
Nina miaka kumi na tisa navitazama
na bado sijui vinafuata nini huko chini.

Mwenye chupa muulize, baridi ama moto?
Wa bomba usimuulize kitu.
Mwache aitazame.

Ila Jumamosi, wewe hukuwa umeajiriwa,
aliingia Jaduong' Randiga wa Koru
na koti lililoshonewa mtu mnene zaidi.
Kiwanda kilikuwa kimemlipa, hatimaye,
miwa aliyokata kitinda mimba wake akiwa darasa la pili.
Kitinda mimba sasa ana ndevu.
Akaweka noti kaunta, mpya, zimeshikamana.
Nyeusi, akasema. Ya bomba.

Nikamimina. Nikaweka. Nikatoa mkono.
Akanyoosha wake.
Nikamwambia, bado.

Hata waliokuwa kwenye dati walinyamaza.
Akanitazama bila hasira, hilo ndilo lililoniuma.
Mama, akasema, karani wa mizani aliniambia bado.
Meneja, bado. Aliyekuja baada ya meneja kufukuzwa,
na aliyekuja kukifilisi kiwanda, na wa baada yake,
wote bado, bado.
Na wewe?

Padri hakunifundisha hapo.
Nikaisukuma kwake ikiwa ingali inapigana ndani,
rangi ya Mto Nyando siku ya mafuriko,
robo nzima haijajazwa.
Akainywa vivyo hivyo. Akashusha nusu.
Akapangusa sharubu kwa mkono wa koti.
Ni chungu, akasema.
Ndivyo ilivyo, nikasema.

Tulipogeuka kuitazama ile nusu,
ilikuwa imetulia peke yake,
nyeusi tititi, na kola nyeupe shingoni,
padri mtupu.
Akacheka mpaka akashika kaunta.
Akaagiza ya pili. Hii, akasema,
ingojee wewe. Mimi naenda chooni.

Haya, yako nayo imetulia. Isimamishe wima,
sukuma bomba kwenda nyuma, taratibu,
povu lipite ukingo kidogo tu
na lisidondoke hata tone. Umeona?
Hapana, limedondoka. Hiyo utakunywa wewe.

Osha nyingine. Na Fanueli,
kabla hujamwambia mtu bado,
chungulia viatu vyake.