Kiti Nje

Tulilinunua kwa Mjerumani mmoja aliyechoka na safari,
gari-nyumba lenye mapazia ya rangi ya haradali,
bei tukapunguziwa kwa ajili ya harufu ya mbwa.
Eladio aliliosha mara tatu. Mbwa hakutoka.
Basi tukamkubali, akawa wa tatu wetu,
tukashuka naye kutoka Ourense, milimani,
kuifuata pwani ya Galisia, mwamba baada ya mwamba,
mnara wa taa baada ya mnara wa taa,
bila kulipia kitanda cha mtu.

Miaka thelathini na minane alikanda unga.
Mimi nilisimama dirishani nikipokea sarafu.
Bahari tuliiona kwenye kalenda,
mwezi wa nane, juu ya tarehe za kulipa madeni.

Usiku wa kwanza tuliegesha nyuma ya kanisa dogo,
pale lami inapokwisha na nyasi zimelala upande mmoja
kama nywele za mtoto aliyeamka.
Eladio akaweka chungwa mezani.
Chungwa likaenda zake mlangoni.
Akatafuta jiwe, akalisukuma chini ya gurudumu,
chungwa likarudi, likasita, likaja kwangu.
"Hapo," akasema. "Dunia imenyooka."
Haikunyooka. Damu ilinikimbilia kichwani usiku kucha,
nikanyamaza. Ndoa nayo huegeshwa hivyohivyo.

Saa tano kurunzi ikatumulika usoni.
Askari, kijana, kofia imemzidi kichwa.
"Kulala, laleni," akasema, "sheria haina neno.
Lakini kiti kile kiko nje.
Gari likisimama, limeegeshwa tu.
Kiti kikitoka, mmepiga kambi.
Na kambi ina faini."
Nikakitazama: turubai limepauka,
mguu mmoja umefungwa waya.
Sikujua kwamba kina uzito huo.
Eladio akakiingiza ndani, na kwa kukosa nafasi
akakilaza kitandani, katikati yetu.

Saa tisa akaamka. Mazoea yana taabu.
Gizani nilisikia vidole vyake vikikanda blanketi.
"Eladio, duka tumeliuza."
"Najua."
Mikono ndiyo haikujua.
Nje, chini ya jabali, bahari ilikuwa kwenye zamu yake,
ikiinua, ikikunja, ikibwaga,
ikiinua tena,
naye akaisikiliza kitambo kirefu,
kisha akasema, kwa heshima,
kama fundi anayemtaja fundi mwenzake:
"Huyu naye huwahi kuamka."

Akawasha gesi. Unga, chumvi, maji ya chupa,
kikaango kimoja chenye mpini uliolegea.
Harufu ya mkate ikamkuta mbwa mlangoni,
wakagombana kidogo,
na kwa mara ya kwanza mbwa akashindwa.

Alfajiri maji yalipokupwa wakaja watu wa mwambani,
watano, na kamba viunoni.
Mmoja alilinda mawimbi na kupiga kelele,
wanne walibandua vijidude vyenye kucha kama za kobe
palepale povu lilipotoka kupiga.
Kila kelele ilipopigwa waliruka juu kama mbuzi.
Sikuweza kutazama. Nilitazama.

Mmoja wao akapanda hadi kwetu, Dosinda jina lake,
nguo yake ya mpira imetiwa viraka magotini,
kiganja kinavuja damu naye hana habari.
"Nani kaoka?" akauliza.
Akatumwagia konzi ya vijidude ndani ya sufuria.
"Chemsheni kwa muda wa Baba Yetu mmoja.
Msingoje Amina."

Nyasi zilikuwa zimelowa. Hakuwa na pa kukaa.
Miguu yake ilitetemeka, nasi tuliiona.
Eladio akaangalia barabara, juu, kisha chini.
Mimi nikapanda ndani, nikakivuta kiti kitandani,
nikakitoa nje, nikakikunjua juani
mbele ya kanisa, mbele ya sheria na bahari,
nikakanyaga ule mguu wa waya usiteleze.

Akaketi. Akala.
Kwa muda wa mkate mmoja
tulikuwa tumepiga kambi.