Ile ya Ngazi

Filamu yenyewe ni ya mapenzi, Rosario nzima iliijua:
binti wa tajiri wa ngano, mwalimu wa piano asiye na piano,
stesheni, mvuke, treni ya Tucumán ya saa tano usiku.
Nyumbani kwetu ilikuwa na jina moja tu: ile ya ngazi.

Aliyeshika ngazi ni baba yangu, Evaristo Bassi.
Aliye juu, akiifuta uso saa ya stesheni
kama mtoto wa mwenzie mwenye makamasi,
ni Nicanor Etchepare, waliyenuniana tangu Jumanne
kwa ajili ya peso arobaini
na koti.

Miaka kumi na mmoja walichekesha katika mahema ya sarakasi,
baada ya farasi, kabla ya mwanamke wa visu.
Walitupiwa machungwa wakayala.
Kule Santa Fe walitupiwa kiatu;
kesho yake wakarudi jukwaani
kuomba cha pili.

Lakini kamera haicheki.
Kamera inakutazama kama karani wa benki.
"Msiseme neno," mwongozaji aliwaonya.
"Ninyi ni ukuta. Ukuta uliovaa kofia."
Ujira: supu, na nauli ya kurudi.

Basi binti analia. Mwalimu anamfuta machozi kwa glavu.
Nyuma yao, ukuta uliovaa kofia unahangaika,
maana ngazi ina mguu mfupi
na hakuna aliyewaambia.
Nicanor anayumba. Ananong'ona, kwa hofu ya kweli:

"Shika."
"Nimeshika. Dawa ya deni?"
"Kulipa, najua. Shika."
"Lini?"
"Nikishuka."
"Shuka basi."
"Mpaka ushike."

Kinasa sauti kilinyonya kila neno.
Na kiwiko cha Nicanor, kikitafuta pa kujishikiza,
kikaiburuta akrabu nyuma:
saa tano kasoro dakika mbili
ikawa saa tano kasorobo.
Mwalimu akainua macho, akadhani ndivyo ilivyoandikwa,
akamwambia binti, "Bado tuna robo saa."

Wakakaa juu ya sanduku.
Treni ikaondoka bila wao.
Karatasi za mwongozaji zilitaka waachane.

Hivyo ndivyo alivyosimulia baba.
Nicanor yeye huapa kwamba aliisukuma akrabu kusudi,
kwa kuwa yule binti alimhurumia,
na kwamba baba hakuwa ameshika chochote,
alikuwa akijikuna.

Usiku wa kwanza walipanga foleni wakalipa kiingilio,
majina yao hayakuwemo hata kwenye bango la mlangoni.
Mama alivaa koti. Koti lile lile.
Ilipofika stesheni, kicheko kilianzia viti vya nyuma,
vya bei rahisi, kikashuka safu kwa safu,
na mwanamke mmoja mwenye pakiti ya karanga akauliza,
"Hao wawili ni ndugu?"
Baba akageuka gizani. "Mungu apishe mbali," akasema.
Mama anasema alikuwa akilia. Baba alisema ni karanga.

Zikafuata filamu ishirini na tatu.
Walicheza polisi, watawa, pande mbili za ng'ombe mmoja.
Walizeeka wakigombania nani mbele.

Mwaka ule mapafu yalipomlaza baba, Nicanor alikuja hospitalini
na bahasha: peso arobaini,
noti zenye sura ya zamani, zisizonunua tena hata kiberiti.
Baba akaagiza miwani.
Akalowesha kidole. Akahesabu mara mbili, polepole,
wauguzi wamejaa mlangoni.

"Thelathini na tano," akasema.

Jumapili iliyopita klabu ya mtaa iliionyesha tena.
Utepe umechakaa: busu lenyewe limekatika,
midomo inakaribiana, halafu ghafla ni asubuhi.
Hakuna aliyelalamika.
Ngazi ipo nzima, na mguu wake mfupi,
na mzee mmoja safu ya tatu, fimbo magotini,
akisema kabla ya kioo kusema:
Shika.