Misumari

Kila Jumatatu, kabla ya kengele,
Mwalimu Milembe anashuka kilima cha Bugogwa
na kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari.
Kopo linalia njia nzima, chaka-chaka,
wanaoanika dagaa wanainua vichwa:
Mwangaluka, Mwalimu!
Naye hasimami. Anaitikia akienda.

Amestaafu mwaka wa sita huu.
Barua ya kumshukuru ilikuwa na mistari minne,
na mmoja ulikosea jina lake.
Alitoa kalamu nyekundu, akasahihisha,
akaandika pembeni: sita juu ya kumi, rudia,
kisha akaifungia kabatini.

Madawati anayajua kama mfugaji ajuavyo mitamba.
Hili lina mguu mbovu. Hili linang'ata sketi.
Hili alilikalia Ngollo, leo ni nesi Bugando.
Hili lilikuwa la Luhende,
aliyezama na mtumbwi wa baba yake
kabla hatujafika kwenye kugawanya;
jina lake limechongwa kwa wembe,
na fundi haruhusiwi kulipitisha randa.

Mwaka ule upepo wa ziwa ulipong'oa bati
alitupandisha sote kwenye majabali.
Jabali moja lina namba mpaka leo,
moja hadi ishirini, kwa mkaa.
Kila masika zinafutika.
Kila masika kuna mtu anaziandika upya.
Simjui ni nani.
Namshuku.

Mimi ni mwanawe wa tatu, Shija, wa benki,
wa jengo lenye lifti.
Mwanangu Kwandu alipotimiza miaka sita
nilimpelekea mama fomu ya shule ya basi la njano,
ile ambayo mtoto akisema "naomba maji"
kwa Kiswahili anavishwa kibao shingoni.
Aliisoma yote, mpaka nambari za akaunti,
miwani puani, kama anasahihisha insha.

Nilingoja anigombeze.
Akaniuliza: "Choo cha kule kina matundu mangapi?"
Sikujua.
"Cha kwetu kina manne. Wasichana mia tatu na sita.
Nilikuwa nakusubiri wewe, uje kikaoni uwake.
Una tai. Mtendaji wa kata anakuogopa.
Mkiondoka nyinyi wenye sauti
shule haifi, baba.
Inakuwa bubu.
Na bubu huporwa shamba lake akitazama."

Nilitia saini hata hivyo.
Siwezi kudanganya kwenye shairi la mama yangu.
Kwandu anapanda basi saa kumi na mbili kasorobo,
anarudi na nyimbo za theluji,
na bibi yake anazisikiliza zote hadi mwisho,
anampigia makofi,
kisha anamfundisha kuhesabu kwa kete za bao.

Lakini Jumatatu iliyopita niliomba ruhusa kazini.
Nilishika ubao, yeye akapiga nyundo.
Wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda kama moshi,
wakatuingia masikioni, mdomoni;
darasa zima la mia na arobaini likakohoa
na kuendelea na jedwali la saba.
Alinigonga kidole gumba.
Hakuomba radhi. Alisema, "Shika vizuri."
Mkono wake ulikuwa unatetemeka
na mimi nilikuwa sijawahi kuuona ukitetemeka.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha wazazi.
Niliingia na tai yangu na kidole cheusi,
nikanyoosha mkono kuhusu choo.
Mwenyekiti akaangalia daftari, akaangalia tena.
"Ndugu, wewe ni mzazi wa mwanafunzi gani hapa?"

Watu wakageuka.
Nikatafuta jibu dirishani, ziwani, kwenye viatu.
Nikaweka mkono juu ya dawati lililokuwa mbele yangu,
lenye jina la wembe na mguu mpya.

Nyuma kabisa, karibu na mlango,
kopo likalia mara moja,
chaka,
kama mtu amelihamisha kutoka goti hili
kwenda goti la pili.